Mashine Iliyokufa Asubuhi Ikafufuka Saa Nne

Marehemu alikutwa mezani, wima, uso mweusi, taa ya kifuani imezimika. Ilikuwa saa moja na dakika nne asubuhi, na nje ile tufani ambayo watu wa Iskandaria huiita Fagio ilikuwa inaufagia mji kama mke mwenye hasira.

Hakukuwa na damu. Hakukuwa na jeraha. Wala marehemu hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta, ile moja tu inayoamrisha pampu sita za maji ya mvua katika kituo cha Kom Zahra. Kabla haijafufuka, barabara ipitayo chini ya reli ilikuwa imejaa maji hadi kwenye vioo vya magari. Hakufa binadamu hata mmoja. Lakini gari jipya la bwana mmoja mkubwa wa mkoa lilielea kama bata, na picha zake zikasambaa kwenye simu kabla halijafika nchi kavu.

Gari la mnyonge likielea, ni mvua. Gari la mkubwa likielea, ni hujuma. Ndiyo maana saa tatu Inspekta Wasfi Darwish wa idara ya upelelezi alikuwa amesimama katika chumba cha mitambo, viatu vimejaa maji, mfuko wa koti umejaa mbegu za maboga za kukaanga, akiitazama maiti.

"Imekufaje?" aliuliza.

"Kama kawaida yake," alisema Mhandisi Nashaat, mkurugenzi wa kituo, mwanamume ambaye masharubu yake yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko mafaili yake. "Unaiwasha, inanguruma, kioo kinaleta rangi ya buluu, halafu pu! Giza. Unaiwasha tena, pu! Mara tano, mara kumi. Halafu kwenye saa nne hivi inaamka, inafanya kazi mpaka jioni, tena kwa adabu kama bibi harusi."

"Kila siku?"

"Ingekuwa kila siku, tungesema ni ugonjwa. Siku nyingine inaamka mara ya kwanza tu. Haina utaratibu, afande. Na kitu kisicho na utaratibu kina mkono wa mtu."

"Kwa nini mnaizima kabisa? Si muiache usiku kucha?"

"Mashine nayo ni kiumbe. Ipumzike. Huwa tunaiacha ikiwaka tukipata tahadhari ya tufani tu."

"Na tahadhari ya Fagio haikuja?"

Mkurugenzi alikohoa. "Ilikuja. Faksi haikuwa na karatasi."

Wasfi akapasua mbegu moja kwa meno, akaandika.

"Mpaka tukashuka chini kuwasha pampu kwa mikono, moja baada ya moja, dakika hamsini zilikuwa zimepita," mkurugenzi aliendelea harakaharaka. "Lakini mkosaji ninaye. Mhandisi Shahira Qandil. Tangu mwezi wa tisa mashine imekufa mara kumi na moja. Mara tisa ni kwenye zamu yake. Nimeshamsimamisha kazi, na barua iko kwa mwendesha mashtaka. Alhamisi anasomewa shtaka la kuhujumu mali ya umma."

"Leo ni Jumamosi."

"Basi una siku tano za kunithibitishia nilichokwisha kukuambia."

Saa nne na dakika tatu, Wasfi alinyoosha kidole akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma. Kioo kikang'aa. Pampu sita zikajipanga pale kwenye kioo, kijani kitupu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Katika miaka ishirini na miwili ya kazi, Wasfi alikuwa ameona maiti za kila aina. Hii ilikuwa ya kwanza kuamka na kumtazama. Alijikuta anatabasamu peke yake. Kesi ilikuwa imemkolea.

*

Alimhoji Shahira katika chumba cha kumbukumbu, katikati ya makabati yenye harufu ya panya.

"Umri?"

"Thelathini na moja."

"Umekalia kile kiti tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

"Una ugomvi na mashine?"

"Nina ugomvi na mkurugenzi. Mashine ni rafiki yangu, ingawa rafiki mwenyewe ni wa kuzimia."

"Kifundo cha mkono kina nini? Unakisugua tangu uingie."

"Nilianguka kwenye ngazi za pampu, wiki yangu ya kwanza. Mkono ukavunjika."

"Nani alikusukuma?"

"Grisi."

Wasfi akaandika: *grisi*. Alimpenda binti huyu, na akajikemea. Alishawahi kuwapenda washukiwa wawili maishani mwake, na wote wawili walikuwa wameua.

"Ukiingia asubuhi, unafanya nini kwanza?"

"Nafungua dirisha."

"Baridi yote hii?"

"Ni kwa sababu ya Hamdi."

"Hamdi ni nani?"

"Mwenzangu wa zamu. Utamnusa kabla hujamwona."

"Baada ya dirisha?"

"Nawasha mashine. Ikikubali, namshukuru Mungu. Ikikataa, namwita mkurugenzi, naye ananitazama kama nimemtia sumu mtoto wake." Akashusha sauti. "Afande, baba yangu ni kinyozi. Kila kichwa kilichopita mikononi mwake kimesikia kuwa binti yake ndiye anayezuia mafuriko. Asubuhi hii amefunga duka. Amesema leo hawezi kushika wembe shingoni mwa mtu. Mkinifunga, sijui kama duka hilo litafunguliwa tena."

"Kama hukufanya, hutafungwa."

"Hiyo umeisema kama mtu asiyeishi nchi hii."

Wasfi akacheka bila kutaka.

*

Hamdi kweli alinukia kabla ya kuonekana. Aliingia na wingu lake la sigara, mtu mnene, mchangamfu, vidole vya manjano.

"Wewe hufungui dirisha?" Wasfi aliuliza.

"Mimi? Nipate baridi ya mapafu?"

"Na sigara je?"

"Hiyo haina baridi, afande. Hiyo ya moto."

"Mashine imekufa mara mbili kwenye zamu zako."

"Mara mbili, naam, na zote mbili ilikuwa siku za ukungu. Nilidhani imeniona mimi ikakata tamaa."

"Fundi aliitwa?"

"Aliitwa! Alibadilisha kumbukumbu, akabadilisha diski, akafuta programu zote akazipanda upya. Kama angeweza, angebadilisha na mke wake. Alifungua ubavu akakuta unga mweupe kidogo. Akasema, bahari hiyo. Hapa kila kitu kina chumvi, afande. Mimi mwenyewe mama mkwe hunilamba ajue kama supu imekolea."

"Nani huingia chumba hiki kabla ya zamu?"

"Hakuna mtu. Mlango una kufuli."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mmoja mtu mzima akaingia na sinia, akaweka glasi mbili za chai, akatia vijiko vitatu vya sukari kwenye ya Hamdi bila kuuliza, akapangusa meza na ukingo wa dirisha, akatoka.

Wasfi akaandika: *Hakuna mtu.*

*

Mashine ilichukuliwa kama kielelezo, ikafungwa kwa utepe wa polisi, ikapelekwa maabara ya uchunguzi. Kituo kikapewa nyingine ya kuazima. Jumapili ikawaka mara ya kwanza. Jumatatu ikawaka mara ya kwanza.

Mkurugenzi akapiga simu. "Unaona, afande? Mwanamke kaondoka, maradhi yameondoka."

"Naona," alisema Wasfi, akakata. Hakuona kitu.

Fundi wa maabara, Wagdi, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa na ripoti ya kurasa nne. "Niliambiwa nitafute virusi. Hamna virusi. Diski nzima. Kumbukumbu nzima. Hamna aliyeingilia programu. Nimeiwasha na kuizima mara arobaini na moja. Mara arobaini na moja imewaka. Afande, umeniletea mgonjwa asiyeumwa."

"Labda haumwi hapa kwako."

"Hapa ni kama jangwani. Mashine za kupoza hewa zinafanya kazi saa zote. Vielelezo vyetu vinataka ukavu."

Wasfi, ambaye alikuwa na mbegu mdomoni, aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Vielelezo vinataka ukavu?"

Wasfi akachukua koti lake.

Kituo cha pampu, tofauti na mkurugenzi wake, hakikusahau kitu. Kila asubuhi kiliandika upepo, mvua na unyevu wa hewa katika daftari kubwa jeusi. Wasfi alilifungua kando ya orodha ya vifo vya mashine, akaenda tarehe kwa tarehe kwa kidole, kama mtoto anayesoma juzuu. Kila mashine ilipokufa, unyevu ulikuwa umepita tisini kwa mia. Siku za Shahira, dirisha lilikuwa wazi na bahari ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Siku za Hamdi, hewa ya baharini ilizuiliwa na dirisha lililofungwa na moshi wake, isipokuwa mara mbili, ukungu ulipopenya hata kwenye nyufa.

Kwa hiyo mwanamke kosa lake lilikuwa kupenda hewa safi! Wasfi nusura aimbe.

Halafu akafunua kurasa za nyuma. Mwezi wa sita, unyevu tisini na tatu. Mwezi wa saba, tisini na sita, mtu angeweza kuoga hewani. Na Hamdi mwenyewe alikiri kuwa joto la miezi hiyo humshinda hata yeye, dirisha hulala wazi. Mashine haikufa hata mara moja.

Unyevu peke yake hauui, basi. Ulikuwa na mshirika. Na mshirika huyo aliingia ndani ya mashine kuanzia mwezi wa nane, mwezi ambao Shahira Qandil alikalia kiti.

Ushahidi uliokuwa umemwachia binti ukamshika tena shingoni. Ilikuwa Jumatatu jioni.

*

"Afande, umeme na maji?" Wagdi aliuliza Jumanne asubuhi, uso umempauka.

"Nani kakwambia maji? Mvuke."

Walikuwa wamejibana kwenye stoo moja ndogo isiyo na dirisha, wao wawili, mashine, na birika mbili zinazochemka. Kuta zilitoa jasho. Miwani ya Wagdi ikawa maziwa. Waliketi saa nzima juu ya makreti, wakila mikate ya maharage na kusubiri kifo.

"Sasa," alisema Wasfi.

Wagdi akabonyeza. Mashine ikanguruma. Kioo kikawa buluu.

Pu! Giza.

"Allah!" Wagdi aliruka, kreti likaanguka. "Tena! Nipishe niiwashe tena!"

Pu!

Wakaipuliza kwa kikaushio cha nywele walichoazima kwa karani wa kike wa ghorofa ya pili, ambaye hakutaka kujua ni cha nini. Dakika kumi. Wakabonyeza. Ikaamka, mzima wa afya. Walipeana mikono kama watu waliopata mtoto wa kiume.

"Ifungue," alisema Wasfi. "Yote. Mpaka kile kisanduku kinachogawa umeme."

Kisanduku kilikuwa na skrubu nne na onyo la hatari. Ndani, kati ya nyaya, kulikuwa na ukoko mweupe, na pembeni yake shaba ilikuwa imeota ukijani. Kwenye bodi kuu pia, chini tu ya matundu ya paa la mashine, chembe nyeupe zilikuwa zimekwama kati ya miguu ya vifaa.

Wasfi akalowesha kidole, akagusa, akalamba.

"Afande! Hicho ni kielelezo!"

"Chumvi."

"Ni bahari hiyo. Fundi wao alishasema." Wagdi akainamisha taa. "Lakini inaeleza kila kitu. Chumvi kavu ni jiwe tu, umeme unaipita kando. Ikinywa unyevu inalowa, na umeme unapata njia ya uchochoroni, unaenda usikoalikwa. Mashine inaona hatari, inajizima. Ukiiwasha-iwasha inapata joto, jua nalo linapanda, chumvi inakauka, uchochoro unafungwa. Saa nne, mzima."

"Chumvi ya bahari huja vipi? Mapande hivi?"

"Huja kama vumbi. Laini." Wagdi akachukua kibanio, akainua chembe moja kwenye mwanga. Ilikuwa kubwa kama punje ya mchele. Akaguna. "Hii ni ya mawe."

"Na ile nyeusi hapo chini?"

Kibanio kikashuka, kikapanda na kitu kidogo cheusi chenye pembe tatu. Wakakitazama. Wasfi akakinusa, na ghafla akawa jikoni kwa bibi yake, miaka arobaini na tano nyuma, siku ya saba tangu azaliwe mdogo wake, wanawake wakizunguka nyumba na kurusha vitanga vya chumvi na mbegu nyeusi juu ya watoto kuwakinga na jicho la husuda.

"Habasoda," alisema polepole. "Wagdi, bahari imeanza lini kutema habasoda?"

*

Jumatano saa mbili asubuhi aliwakusanya wote katika chumba cha mitambo: mkurugenzi, Hamdi, na Shahira, ambaye aliitwa kutoka nyumbani na alikuja na mfuko mdogo wa nguo, akidhani anapelekwa rumande kabisa.

"Swali langu ni lilelile," alisema Wasfi. "Nani huingia humu kabla ya zamu?"

"Hakuna mtu," alisema mkurugenzi.

"Hakuna mtu," alisema Hamdi.

"Nani anafagia?"

"Bi Zakiya."

"Anafagia akiwa nje ya dirisha?"

Wakatazamana. Aibu ndogo ikapita chumbani. Mtu aliyekuwa anaingia humo kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajahesabiwa hata na mmoja wao.

"Mwiteni," alisema Wasfi. "Na asije na sinia."

Bi Zakiya aliingia akifuta mikono kwenye aproni. Alipomwona Shahira na ule mfuko wa nguo, hatua yake ilikatika.

"Kaa, mama."

"Sijazoea kukaa chumba hiki, afande."

"Leo zoea."

Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Unatumia chumvi gani?"

Pampu moja chini ilinguruma, ikatulia.

"Ya mawe," alisema.

"Na habasoda."

"Chembe saba. Mama yangu alikuwa anatia saba."

"Wapi?"

"Kwenye kiti. Kwenye meza. Juu ya mashine. Halafu napangusa, uchafu usionekane."

"Mashine ina matundu juu, mama."

"Matundu nimeyaona. Sikujua yanakwenda wapi."

Mkurugenzi akafura. "Ushirikina! Katika kituo cha serikali! Mimi nili..."

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Wasfi hakugeuza hata kichwa. "Unaitia lini?"

"Siku zake binti. Kabla hajafika."

"Dhidi ya nini?"

"Jicho."

"Jicho la nani? La huyu Hamdi?"

"Mimi?" Hamdi aliruka. "Wallahi mimi sina jicho, nina miwani!"

"Hamdi hawezi kumhusudu mtu," alisema Bi Zakiya. "Husuda ni kazi, na Hamdi kazi haitaki."

"La mkurugenzi?"

"Yule anajitazama mwenyewe tu."

"Basi la nani, mama? Kuna mtu unamlinda. Huyu binti kesho anasomewa mashtaka. Mfuko ule una nguo za kulalia rumande. Jicho la nani?"

Mikono ya Bi Zakiya ilikuwa imeshikana mapajani. Aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Langu," alisema.

Hata Hamdi aliitoa sigara mdomoni.

"Nina binti. Nahla. Amesoma uhandisi, chuo kilekile, mwaka uleule na huyu. Nilimsomesha kwa glasi za chai, afande, moja moja. Kiti hiki kilipotangazwa, waliingia usaili siku moja. Nahla akawa wa pili. Siku huyu alipokaa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyemletea chai. Nikamtazama. Mdomo wangu haukutaja jina la Mungu, haukumtakia baraka. Moyo ukasema: hapo palikuwa pa mwanangu. Kitu kimoja tu hicho, halafu nikaondoka na sinia. Wiki ileile akaanguka kwenye ngazi, mkono ukavunjika. Nilipousikia ule ukelele nilijua ni mimi."

"Ilikuwa grisi," alisema Shahira taratibu, kutoka alikosimama.

"Grisi ilikuwapo miaka yote, mwanangu. Hakuanguka mtu."

"Kwa hiyo," alisema Wasfi, "ukaanza kumwaga chumvi kumkinga na wewe mwenyewe."

"Ningefanyaje? Jicho siwezi kuliacha nyumbani, liko usoni. Na chai lazima nilete."

"Mashine ilipoanza kufa?"

"Nikasema, jicho limemkosa yeye, limeshika mashine. Nikaongeza chumvi. Ikafa tena, nikaongeza tena. Kadiri ilivyokuwa inakufa ndivyo nilivyojua husuda yangu ni kali."

"Na asubuhi ya Fagio?"

"Upepo ulikuwa unalia tangu alfajiri. Niliogopa. Nikatia vitanga viwili."

Wasfi akafumba daftari. Katika miaka yote ya kuhoji wezi na wauaji, alikuwa hajapata mtuhumiwa aliyejikamata mwenyewe miezi mitatu kabla ya polisi.

"Kwa nini hukusema, mama? Siku tano nzima."

"Mtu anaweza kukiri ameiba, afande. Watu watasema alikuwa na njaa. Lakini nisimame mbele ya hawa niseme nilimhusudu binti wa watu, na mimi ndiye ninayempa pole? Hilo halina njaa ya kusingizia. Nilisema leo nitasema, leo nitasema. Nilikuwa nimebakiza leo."

Mkurugenzi alikuwa ameshapata pumzi. "Wafunge! Wote wawili! Hujuma ni hujuma!"

"Hujuma inataka nia, Mhandisi. Hapa nia ilikuwa kinga. Nikimfunga huyu, itabidi nimfunge na muuza chumvi." Wasfi akasimama, akakung'uta maganda ya mbegu kwenye koti. "Ripoti yangu itakuwa na mambo mawili. Moja, chumvi ndani ya mashine, bila kosa la jinai. Pili, tahadhari ya tufani isiyopata karatasi ya kuchapiwa, kwa sababu mtu fulani hakununua. Wakubwa wa mkoa wanasoma ukurasa wa kwanza tu. Unataka nianze na lipi?"

Masharubu yakashuka. "Nitamwandikia mwendesha mashtaka," alisema mkurugenzi.

"Sasa hivi. Kalamu ninayo."

Barua iliandikwa mistari mitatu, ikagongwa mhuri, ikaingia mfukoni mwa Wasfi. Shahira Qandil hakuwa tena na kesi. Lakini hakusogea. Aliuweka mfuko wake chini, akamkaribia yule mwanamke aliyeketi kwenye ncha ya kiti.

"Siku tano naitwa mhujumu," alisema. "Baba yangu amefunga duka. Na Jumamosi wewe ndiye uliyenisindikiza mlangoni, ukanishika bega."

"Naam."

"Ungeniambia."

"Ungenichukia."

"Sasa hivi nakuchukia, Bi Zakiya." Hakupaza sauti. "Sijui itachukua muda gani."

Mwanamke aliinamisha kichwa. Wasfi alijua ni wakati wa polisi kuondoka, lakini miguu ilikataa. Udadisi ndio uliomfanya askari, na haujui adabu.

"Nahla anafanya nini siku hizi?" Shahira aliuliza.

"Anapokea simu. Duka la mapazia."

"Alinishinda somo la pampu. Nilikuwa nyuma yake foleni ya matokeo, niliona." Alisugua kifundo cha mkono. "Kazi siwezi kumpa, mimi si mkurugenzi. Lakini mwambie Jumamosi aje. Akae kando yangu, aiwashe yeye. Anayekitaka kiti hiki aje anitazame mchana, nikimwona, kwa macho yote mawili. Na nafasi ikitoka tena, aingie usaili tugombane kihalali."

Bi Zakiya alifuta uso kwa aproni, akashika ukingo wa meza kujiinua, ili afanye kile ambacho mikono yake ilikijua.

"Kaa hapohapo," alisema Shahira, naye tayari alikuwa anaelekea jikoni. "Chai nachemsha mwenyewe. Nina hasira, nataka kitu cha kuweka motoni."